Kuchaguliwa na Kulelewa

Katika miaka thelathini na tisa niliyofundisha shule za msingi, kumi na moja wilayani Handeni na iliyobaki Korogwe, sikupata kuletewa waraka hata mmoja unaoeleza namna ya kumlea mtoto mwenye kipaji akiwa bado darasa la tatu au la nne. Nyaraka za namna ya kumchagua nilizipata nyingi. Zilieleza idadi ya nafasi, tarehe ya mtihani, fomu za kujaza, na jinsi ya kufunga bahasha. Tofauti ya mambo haya mawili, kuchagua na kulea, ndiyo iliyonisumbua tangu nistaafu mwaka 2009, na ndiyo iliyonifanya nirudi nyuma kutazama tumefikaje hapa.

Wanafunzi wenyewe humwita mtoto wa namna hiyo "kipanga". Wazee husema tu kwamba ana kichwa. Namzungumzia yule ambaye mwalimu hajamaliza kuandika hesabu ubaoni, naye ameshapata jibu na ameanza kumchokoza jirani yake. Watu wengi hudhani kuwa mtoto huyu hana shida yoyote, atajisukuma mwenyewe, na kwamba huruma yetu tuiweke kwa wale wanaochelewa. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya darasa la watoto themanini anajua kuwa sivyo. Mara nyingi huyo huyo ndiye anayeanza utoro mapema, kwa kuwa amechoka kusubiri.

Desturi ya kumchagua mtoto mwepesi na kumwondoa kwao ni ya zamani kuliko serikali zote tulizopata kuwa nazo. Huku kwetu walioanza ni wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Walikuwa na makao Magila, Ubondei, kisha wakaja Korogwe kando ya mto, na wakaingia Uzigua. Kijana wa Kibondei au wa Kizigua aliyeonekana ana uwezo wa kusoma alivushwa bahari hadi Kiungani, Unguja, kwenye Chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho mwaka 1925 kilihamishiwa bara, Minaki. Nia ilikuwa wazi: misheni ilihitaji walimu na mapadri. Mmoja wa waliopita Kiungani ni Martin Kayamba, mtu wa Ubondei, aliyekuwa karani mkubwa wa serikali mjini Tanga. Mwaka 1922 alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Huyo alikuwa kipanga kwelikweli.

Wajerumani nao walifungua shule yao ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walitaka makarani, wakalimani na maakida. Reli yao ilifika Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo Korogwe na Handeni zikaanza kuachana. Korogwe ilipata stesheni, mashamba ya mkonge, maduka, na watu wa makabila mengi waliokuja kama manamba. Handeni ilibaki juu kule na mahindi yake, ukame wake, na barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa matope matupu. Ni kilomita 65 tu kutoka mji mmoja hadi mwingine, lakini kwa mtoto wa shule zilikuwa nchi mbili.

Waingereza walipochukua nchi walileta fikra nyingine. Mwaka 1925 walifungua shule ya Tabora, na waliokusudiwa hasa ni watoto wa machifu. Mwenye kipaji, kwa hesabu yao, ni yule ambaye baba yake ana kiti. Lakini mtihani una tabia ya kuwaumbua waliouweka, na taratibu shule ile ikaanza kuingiza pia vijana waliofaulu tu. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, akaingia Tabora mwaka 1937. Mara nyingi hutajwa kwamba alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mimi kinachonivutia zaidi ni ule mwaka mmoja aliouruka. Kule Mwisenge palikuwa na mtu aliyemwona mtoto yule na kumwacha aende kwa mwendo wake. Kitendo kidogo namna hiyo hakihitaji bweni wala fedha ya serikali, na katika miaka yangu yote ya kazi nimekiona mara chache sana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mfumo ambao sisi wenye mvi tunaukumbuka: darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya kijiji, kisha mtihani, kisha shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Shule nyingi za kati zilikuwa za bweni, zenye mashamba, mifugo na Kiingereza. Mimi nilipita humo. Darasa langu la nne, karibu na Korogwe, lilikuwa na watoto thelathini na kitu, tukapita wanne. Siku majina yaliposomwa, waliobaki walirudi nyumbani kimya, na baadhi yao wiki iliyofuata walikuwa shambani kwa mzungu wakikata mkonge. Walikuwa na umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili.

Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge, iwe Magunga au Ngombezi, anaijua korona, ile mashine inayoparua majani. Jani linaingia zito na la kijani, linatoka singa nyeupe. Katika uzito wa jani zima, nyuzi hazizidi sehemu nne au tano katika mia. Yote mengine yalikuwa maji ya kijani yenye harufu kali, yakimwagwa mfereji hadi mtoni. Mtihani wa darasa la nne ulikuwa korona yetu. Tena hata huo mfano unaupendelea mtihani, maana huko Hale, wilayani Korogwe, katika miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa majaribio wa kugeuza hayo masalia kuwa gesi na umeme. Ikabainika kwamba kilichokuwa kikitupwa kilikuwa na nguvu ndani yake wakati wote.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili kwa jicho la taifa zima. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alieleza kwamba wakati wa uhuru mwaka 1961 shule zote za sekondari zilikuwa na wanafunzi 11,832 tu, na kidato cha sita 176. Akasema pia kwamba ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, ilhali elimu yote ya msingi ilikuwa ikiwaandaa kwa ajili ya huko. Dawa aliyoipendekeza ni kuifanya elimu ya msingi ikamilike yenyewe. Shule za kati zikafutwa, darasa la nane likaondolewa, shule ya msingi ikawa ya miaka saba. Mwaka 1974 nafasi za kidato cha kwanza zikaanza kugawanywa kwa mikoa na wilaya, ili zisichukuliwe zote na sehemu zilizotangulia kwa shule za misheni na fedha za kahawa. Azimio la Musoma la mwaka huo huo likataka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977.

Nasema bila kusita kwamba mgawo ule ulikuwa wa haki. Bila mgawo, wilaya kama Handeni ingeendelea kutazama nafasi zikipita juu ya kichwa chake kama mvua inayokwenda kunyesha Usambara. Waliolalamika kwamba mgawo unaua vipaji, wengi wao walitoka sehemu zilizokuwa na vitabu. Lakini mgawo, kama mtihani wa darasa la nne, ulikuwa ni kuchagua tu. Uliamua nani aende. Haukusema neno juu ya miaka saba kabla ya kwenda.

Nilikuwa Handeni wakati huo, katika shule ya kijiji upande wa barabara ya Mkata. Watoto waliongezeka ghafla. Walimu wapya wa UPE walikuja, vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Siwadharau, wengine walikuwa hodari kuliko sisi wa vyuoni. Mwaka 1978 nilikuwa na darasa la tatu lenye watoto wawili ambao sijawaona wengine wa mfano wao. Mmoja alikuwa msichana, mwenziwe mvulana, wanakaa dawati moja. Nikiandika hesabu kumi ubaoni, wao wanamaliza kabla sijashuka hesabu ya saba, kisha wanaanza kutungiana zao, ngumu kuliko zangu.

Nilichoweza kuwapa kilikuwa kidogo. Kijiji kilikuwa na maktaba, kabati moja katika ofisi ya kijiji, mabaki ya kampeni ya elimu ya watu wazima ya 1971 hadi 1975. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya kilimo bora cha pamba, ufugaji wa kuku, afya ya mama na mtoto, na siasa. Nikamwomba katibu wa kijiji anipe ufunguo. Watoto wale walisoma vyote. Siku moja msichana akaniuliza, "Mwalimu, kitabu kinasema pamba ipandwe umbali huu kutoka shina hadi shina. Kwa nini baba anapanda umbali mwingine na inazaa?" Sikuwa na jibu, nikamwambia akapime. Wakaenda na kamba yenye mafundo, yeye na mwenziwe, wakapima mashamba matano, wakaleta karatasi. Kwa majuma mawili darasa zima la tatu lilijifunza kuzidisha na kugawanya kwa pamba ya wazee wao. Hata wale waliokuwa wakichelewa walifanya, kwa kuwa kila mmoja alitaka shamba la kwao litajwe.

Mkaguzi mmoja alipita wakati ule. Alitazama andalio langu la somo, akaona kwamba niko nyuma ya muhtasari kwa majuma mawili, akaandika hivyo, akaondoka. Kwa kanuni alizopewa alikuwa sahihi.

Baba wa yule msichana alikuwa mtu mpole, mkulima wa mahindi. Nilipokwenda kumweleza kwamba binti yake ana akili isiyo ya kawaida, alininyamazia kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, ukimsifu sana watamchukua." Wakati huo nilidhani ni woga wa mtu asiyejua thamani ya shule. Leo naona alikuwa ameijumlisha historia yote niliyoieleza hapo juu kwa maneno machache kuliko mimi. Na kweli walimchukua. Mwaka 1983 aliingia kidato cha kwanza mkoa mwingine, akaendelea hadi chuo kikuu, na ameitumikia nchi hii vizuri. Handeni huja kwenye misiba. Mvulana hakuchaguliwa, kwa kuwa shule yetu mwaka ule ilipata nafasi moja tu ya msichana na moja ya mvulana, na ya mvulana ilikwenda kwa mwingine aliyemzidi alama chache. Aliingia katika biashara ya mkaa. Matajiri wa malori ya Dar es Salaam humpigia simu kabla ya kununua, maana anautazama mzigo tu na kutaja magunia, ushuru, mafuta na faida, bila kalamu. Hajapata kukosea, wanasema. Simhurumii, ana nyumba nzuri kuliko yangu. Najiuliza tu ni kitu gani kingine kichwa kile kingefanya kama kuanzia miaka tisa hadi kumi na minne kingepewa chakula chake.

Kuanzia miaka ya 1980 serikali ilirudi kwenye jambo hili kwa jina jipya, shule za vipaji maalumu. Majina yake kila mzazi anayajua: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato. Ni shule zilizokuwapo tangu zamani, zikapewa kazi ya kupokea waliofaulu sana kutoka nchi nzima. Kilakala iliwahi kuwa ya masista, ikiitwa Marian College. Kibaha ilitokana na mradi wa nchi za Skandinavia wa mwaka 1963. Na Tabora, ile ya watoto wa machifu, sasa ikapokea mtoto wa mkata mkonge wa Korogwe, jambo ambalo peke yake lafaa kushangiliwa. Shule hizi zimetoa madaktari, wahandisi na wanasayansi wengi. Lakini mlango wake uko baada ya darasa la saba. Mtoto anayefika hapo ameshapita miaka yake saba ya kwanza, na kwa wataalamu wa makuzi hiyo ndiyo miaka ambayo udadisi hukua au hufa.

Wenzetu wa mbali nao waligawanyika juu ya jambo hili. Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani wakashtuka, na mwaka 1958 wakatunga sheria ya kumwaga fedha katika hisabati na sayansi. Warusi wenyewe, mwaka 1963, walifungua shule ya bweni ya hisabati Moscow chini ya mwanahisabati Kolmogorov, wakakusanya vijana kutoka majimbo ya mbali. Hiyo ni njia ya korona, ingawa korona nzuri. Njia ya pili aliieleza Mmarekani Joseph Renzulli mwaka 1977. Alitaka watoto wote waanze kwa kuonjeshwa mambo yaliyo nje ya muhtasari, kisha wafundishwe namna ya kuchunguza, na wale wanaowaka waachwe wachunguze swali la kweli mpaka mwisho wake. Niliposoma habari zake, nikiwa nimeshastaafu, nilikumbuka kamba yenye mafundo.

Tangu wakati ule mambo mengi yamebadilika kwa wema. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya 2004 zikajengwa sekondari za kata, na kuanzia 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada. Mtoto wa kijiji kile cha barabara ya Mkata leo hahitaji kushindania nafasi moja. Mchujo wa kikatili umelegea. Kilichokuja mahali pake ni utengano wa fedha, kwani wenye uwezo huwapeleka watoto wao shule za mchepuo wa Kiingereza, na wengi huita hiyo kipaji. Katika shule za serikali kumebaki "kambi", ambapo watoto wa madarasa ya mtihani hulala shuleni wakikaririshwa maswali ya miaka iliyopita, wazazi wakichanga mahindi na maharage. Kipanga hukaa humo pamoja na wengine, akijibu kwa mara ya kumi swali alilolijibu sawasawa mara ya kwanza.

Jambo moja hunichekesha kwa uchungu. Mtoto wa darasa la tano Handeni anayekimbia vizuri ana njia yake iliyopangwa. Ipo UMITASHUMTA. Atashindana shuleni, atapelekwa kata, wilaya, mkoa, na akijaliwa atafika taifa, akiwa na jezi, mwalimu wa kumlinda na chakula, na baada ya mashindano atarudi kwao. Hakuna anayesema kwamba mbio zake zinawanyima wengine haki. Lakini yule anayekokotoa vizuri hana kata wala wilaya. Tumekubali kwamba miguu hukua kwa mazoezi, na tunadhani kichwa hukua kwa kuhamishwa.

Tangu mwaka 2011 mimi na walimu wenzangu wawili wastaafu tumekuwa na darasa la Jumamosi hapa Korogwe, kwa watoto wa la nne hadi la sita. Hatuulizi alama. Anayekuja huja. Tumepima mwendo wa Mto Pangani, ambao wengi huku huuita Ruvu, kwa kuangusha gunzi kutoka darajani na kuhesabu hadi lifike alama ya pili. Tumehesabu malori ya barabara kuu kwa saa moja na kukisia ya mwaka. Tumekusanya vitendawili vya Kizigua na vya Kisambaa na kutazama vipi vinafanana. Kila Januari tunaanza na watoto arobaini hivi. Ifikapo Agosti wanabaki kumi au kumi na wawili, maana wazazi huona hakuna karatasi ya mtihani inayorudi nyumbani. Mzazi mmoja alinijia akiwa na mashaka ya haki kabisa. "Babu," aliniambia, "hilo gunzi litaulizwa kwenye mtihani?" Nikamjibu kwamba halitaulizwa. Akafikiri kidogo, akasema basi mtoto ataendelea kuja hadi mwezi wa sita, kisha ataingia kambi.

Yule mtoto, ambaye yuko darasa la sita, amegundua kwamba gunzi huenda kasi zaidi katikati ya mto kuliko pembeni, na anataka kujua kama chini kuna kasi gani. Ametuomba chupa, mchanga na kamba ndefu. Tumempa, na ana Jumamosi saba.